Dari Iliyopigwa kwa Vijembe

Ukumbi wa wanawake wa Munje umejengwa kwa mawe, chokaa, boriti na matusi. Mgeni akija nikamwambia hivyo hucheka, akidhani ninamtania. Simtanii. Bila matusi dari ile ingekuwa imeshabomolewa zamani, na leo pale juu pangekuwa na mabati ya mwenyekiti wetu Alamin yakikaanga watu mchana kutwa.

Mimi ni Twaiba, kiongozi wa Tausi, kikundi cha ngoma za harusi. Kama uliwahi kuoa au kuolewa upande huu wa Msambweni, umeshanisikia hata kama hunijui. Sauti ninayo, mdomo ninao, na hasira zangu ziko karibu, sikatai. Mtoto wa kuzaa sina, na hilo ninalisema mwenyewe kabla jirani hajaniwahi kukwambia. Lakini ninaye Hanifa, binti wa kaka yangu Mbwana. Wazazi wake walipoachana, mama alikwenda zake kwao, baba akaenda zake na meli, mtoto akabaki mikononi mwangu hajaota hata jino. Nikamlea mpaka akaenda Nairobi kusomea usanifu wa majengo, akarudi na miwani, kompyuta na maneno mengi.

Kamati ilipompa Hanifa kazi ya kuchora ukumbi, mahali pa harusi, mikutano na madarasa ya akina mama, nilishinda jikoni nikiimba. Lilikuwa jengo lake la kwanza. Kisha akanionyesha mchoro, nikanyamaza. Kuta nene za mawe na chokaa, dari bapa ya boriti ambayo ndiyo paa lenyewe, baraza nje.

"Mwanangu," nikamwambia, "umesoma miaka yote hiyo ili uje utuchoree gofu?"

Hakukasirika. Kesho yake alikodi tuktuk, akanipakia, akasema tunakwenda kutazama nyumba. Nikamwambia nyumba nimezitazama tangu kuzaliwa. Akasema, "Basi leo utanifurahisha tu mimi, Shangazi."

Tulianza hapahapa Munje, kwa jirani mwenye nyumba ya kukandika: fito, udongo, makuti. Jua lilikuwa kali. Hanifa alinishika mkono akaniingiza ndani, akaniuliza kama ninasikia baridi, nami nikaisikia. Nimeingia nyumba ile mara ngapi kuomba chumvi, na siku zote nilidhani ubaridi ule ni wa kivuli tu. Akanieleza udongo unavyolinywa joto polepole na makuti yanavyoupitisha upepo. "Hii ndiyo mama yao," akasema. "Nyingine zote za pwani zimeanzia humu."

Kutoka hapo tukaingia kichakani, kwenye gofu la chumba cha mawe ambalo sisi hulipita tukitafuta kuni. Chumba kirefu, lakini chembamba sana. Ukutani mna zidaka, vile vishubaka vya kuwekea taa na sahani za urembo.

"Shangazi, kwa nini vyumba vya wazee vilikuwa vyembamba hivi?"

"Kwa sababu wazee wenyewe walikuwa wembamba."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanionyesha kwa kidole matundu juu ya ukuta, zilipokuwa zikikaa boriti. Mkoko ulionyooka, wenye nguvu ya kubeba dari ya mawe, haurefuki zaidi ya pale. Ukitaka chumba kipana zaidi, mti haukupi. Kwa hiyo kila chumba cha mawe katika pwani hii, kiwe cha tajiri au cha msikiti, upana wake ulipimwa na mti uliokatwa kwenye tope. Nilisimama mle ndani mdomo wazi. Miaka yote nimepita pale na mzigo wa kuni kichwani, nisijue kwamba ninapita mbele ya jambo kubwa namna hiyo.

Tangu hapo akawa hana haja ya kunivuta, mimi ndiye niliyemvuta. Tuliona duka kuukuu lenye varanda ya mbao zilizotobolewa maua, kazi ya wafanyabiashara wa Kihindi. Tuliona nyumba ya ofisa wa zama za Mwingereza, mabati mekundu na ngazi ndefu mbele, nadhani ili mtu akienda kushtaki achoke kabla hajafika mezani. Tukafika Diani, hoteli yenye paa la makuti refu kupita minazi. Ilikuwa nyumba ya kukandika ya jirani yangu, ila imenenepeshwa. Askari wa getini akauliza tunamtafuta nani, Hanifa akamjibu, "Tunaliangalia paa tu, kaka," na yule kijana naye akainua shingo akaanza kuangalia.

Mwisho tukafika Galu, kwenye jumba jipya la vioo vya buluu, na mbele nguzo nne nene za Kirumi. Nikaigonga moja kwa kidole. Tupu ndani.

"Hii inabeba nini?" nikauliza.

"Haibebi kitu, Shangazi. Imewekwa ionekane tu."

"Kama mume wa Esha," nikasema, na dereva wa tuktuk akakohoa.

Esha ni kiongozi wa Kilua, kikundi cha ngoma cha Mwabungo, na ni adui yangu. Harusi ya kwetu haikamiliki bila vikundi viwili: kimoja cha upande wa bwana, kimoja cha upande wa bibi, na kazi yao ni kurushiana vijembe kwa nyimbo mpaka wageni washike mbavu. Mimi na Esha tumerushiana vijembe tangu sote tukiwa na meno yote. Ni mrefu, mweusi wa kung'aa, wanja mpaka kwenye nyusi, na akifungua kinywa hata jogoo hunyamaza. Nikisema simpendi, nasema kwa heshima.

Basi nilirudi nyumbani nimewehuka na majengo. Sikuweza tena kupita mlango bila kuushika. Nikawa wakili wa Hanifa katika kila mkutano, na kamati ikaukubali mchoro, isipokuwa mwenyekiti wake, Alamin. Alamin ana duka la vifaa vya ujenzi Msambweni. Si mtu mbaya, ila anayaamini mabati kuliko anavyowaamini watu. Alikubali kwa sharti moja: dari ikikauka itafurikishwa maji, na likidondoka tone moja ndani, inavunjwa, yanapandishwa mabati. Akayaleta kabisa, akayapanga pembeni mwa uwanja, tukawa tunayaona kila siku. Walimu wa Funzi nao walikuwa wakisubiri matokeo, maana walitaka Hanifa awachoree madarasa. Nani atampa jengo la pili msichana ambaye la kwanza limevuja? Usiku sikuwa ninalala vizuri.

Kuta zilisimama. Fundi wetu Samuel, kijana wa bara aliyehamia Ukunda, alizinyoosha vizuri. Boriti zilitoka upande wa Funzi kwa kibali, zikalazwa, juu yake mawe bapa, juu yake chokaa iliyochanganywa na kokoto. Na hapo ndipo penye kazi. Chokaa ile haiachwi ikauke yenyewe, itapasuka. Lazima ipigwe na ipigwe tena, ingali mbichi, mpaka maji yatoke na igeuke kuwa kitu kimoja.

"Mathe, si tulete tu mashine?" Samuel akaniuliza. Wakaijaribu pembeni, kwenye kipande kidogo. Mashine ikaruka, boriti zikachezacheza, chokaa ikafunguka nyufa. Hanifa akasema zamani kazi hii ilifanywa na wanawake kwa vibao vya mbao, wakiimba. Nikamuuliza waliimba nini. Akasema hilo hakulikuta popote.

"Basi tutaimba tulicho nacho," nikasema.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Tausi wote juu, leso zimefungwa viunoni, vibao mikononi, mimi mbele nikitoa wimbo na wenzangu wakiitikia kwa kupiga. Hanifa akipita katikati na ndoo akinyunyiza maji ya chokaa. Watu walisimama njiani kutuangalia. Jioni tulishuka tunacheka, mikono imevimba.

Siku ya pili wakaja nusu. Kulikuwa na harusi kijijini, bibi harusi akitoka Mwabungo, na wenye mikono iliyochubuka walipata udhuru mzuri wa kwenda kuchambua mchele. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewatumia salamu upande wa bwana kwamba Tausi safari hii hawachezi, tuna dari. Jua likapanda. Nyimbo zikapoa. Kibao kikawa kinashuka kwa sababu kimechoka kukaa juu, wala si kwa kupiga. Alamin alikuja, akasimama chini, akatazama juu na kutikisa kichwa. Nikamwona Hanifa amepiga magoti pembeni anapapasa chokaa kwa vidole. Ufa mwembamba, wa kwanza.

Hapo ndipo niliposikia tarumbeta. Kilua walikuwa wanakuja barabarani na bibi harusi wao, wamevaa sare ya zambarau, na hawakukata kona kuingia kwenye harusi. Walinyooka moja kwa moja mpaka chini ya jengo letu. Esha akaweka mkono kiunoni.

"Hodi hapo juu. Tumekuja harusini tukauliza watu wa kucheza nao, tukaambiwa njiani wamekuwa mafundi. Tutacheza na nani, na masufuria?"

Na bila kungoja jibu akatoa wimbo:

*Tausi wamechakaa,*
*ngoma wameisusia,*
*manyoya yote chokaa,*
*wapi watakimbilia?*

Msafara mzima ukacheka. Mimi uchovu ulinitoka kama shuka lililovutwa. Nikainua kibao, nikakishusha kwa nguvu zangu zote, na kila neno nikalipigilia chini:

*Kilua ua la jana,*
*harufu imepotea,*
*mnapita mkinena,*
*kazi hamjazoea.*

Wenzangu wakaitikia, na vibao vikashuka pamoja, pu, pu, pu, mpaka Samuel akatoka chini kuangalia kuna nini. Esha akavua viatu. "Kazi hatujazoea?" akasema. Akapanda ngazi na sare yake ya zambarau, na Kilua wote nyuma yake. Akampokonya mmoja wetu kibao, wenzake wakaokota vilivyokuwa vimelala, wakashika upande wa mashariki. Sisi tukabaki na wa magharibi.

Nakwambia, dari ile ilipigwa. Wao wanatoa wimbo wakipiga, sisi tunajibu tukipiga, kila upande unasogea kuelekea katikati ukitaka kumsukuma mwenzake ashuke. Wageni waliacha hema la harusi wakaja kuzunguka jengo na sahani zao za pilau mkononi. Waliokuwa wakichambua mchele waliposikia Tausi wanatukanwa, mikono ilipona ghafla, wakapanda nao. Hanifa alikuwa anakimbia huku na huku na ndoo, miwani imejaa chokaa, anacheka na kulia pamoja. Na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata katika harusi yoyote, hata yangu.

Ila tulipokaribiana, mambo yakaharibika. Kila kundi lilikuwa na mdundo wake. Wetu ukishuka, wao unapanda. Boriti zikaanza kutetemeka chini ya miguu yetu, na Samuel akapiga kelele kutoka ndani kwamba mchanga unamwagika. Nikaangalia chini. Katikati ya dari, pale tulipokutana, ufa ulikuwa umefunguka kutoka ukuta hadi ukuta, na kila tulipopiga ulizidi kupanuka.

"Pigeni pamoja," Hanifa akasema. "Mdundo mmoja, wimbo mmoja. Mkiacha sasa itakaukia hivyo. Mkiendelea hivi itavunjika."

"Waitikie wetu," akasema Esha.

"Waitikie wao wetu," nikasema mimi.

Usidhani ni ukaidi wa kitoto. Kikundi kikiitikia wimbo wa mpinzani mbele ya watu, kimeshindwa, na habari hizo zitafika Vanga kabla ya alasiri. Nimejenga jina la Tausi nusu ya umri wangu. Na Esha, kwa kujua kwamba amenibana, alichagua wimbo wake mkali kuliko wote, ule ambao hunitolea nikimzidi, akauanza taratibu huku akinitazama usoni:

*Kuku yule asotaga,*
*mayai ya majirani*
*ayalalia, aringa,*
*kifaranga cha fulani.*

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alijua kuku ni nani na kifaranga ni nani. Hanifa naye alijua. Alikuwa amepiga magoti kwenye ule ufa, anaujaza maji ya chokaa kwa viganja, na hakuinua kichwa. Nikaona mabega yake yamekaza. Wimbo ule umekuwa ukiniuma miaka mingi, wallahi, umenifanya niondoke kwenye harusi za watu bila kula. Lakini jengo lilikuwa lake. Nikatazama ule ufa, nikatazama yale mabati ya Alamin pale pembeni yakimeta juani.

Nikainua kibao. Nikauimba.

Niliimba wimbo wa Esha, mdundo wa Esha, maneno ya Esha, tena kwa sauti ya kufika Funzi. *Kuku yule asotaga.* Tausi walinitazama kama nimepandwa na kichaa. *Mayai ya majirani.* Mmoja akaitikia, kisha wa pili. *Ayalalia, aringa.* Sasa vibao vyote vilikuwa vinashuka pamoja na boriti zimetulia. Na nilipofika mstari wa mwisho, sikuufuata wake. Nilimnyooshea kidole Hanifa, chokaa mpaka kwenye kope, nikauliza kwa wimbo:

*Aliyejenga ni nani?*

Kisha Tausi wote wakajibu, na kibao kikashuka na jibu: "Kifaranga." Esha alikosa pigo. Mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona amekosa pigo. Nikarudia kutoka mwanzo, na safari hii Kilua nao wakajibu, na wale wa chini na sahani zao, na bibi harusi mwenyewe aliyekuwa amesahauliwa kitini. *Aliyejenga ni nani?* Kifaranga. *Aliyejenga ni nani?* Kifaranga. Tulipiga vile mpaka ufa ukafumba, mpaka maji yakaacha kutoka, mpaka sauti ya chokaa ikabadilika, isiwe tena ya tope, ikawa kavu na ngumu. Esha alikuwa bega kwa bega nami, anapiga, jasho na wanja vinamtiririka shingoni.

"Umeniibia wimbo," akaniambia tulipoweka vibao chini.

"Nimekurudishia umetengenezwa," nikamjibu.

Dari ikakauka kwa nafasi yake, chini ya magunia yaliyolowa. Siku ya kuipima, kamati ilikuja, walimu wa Funzi walikuja, na Esha akaja kutoka Mwabungo, akisema anakwenda Msambweni tu na amepitia. Maji yalifurikishwa juu mpaka ukingoni. Tukaingia ndani, tukakaa chini ya boriti tukatazama juu. Asubuhi ikapita yote. Alamin akaomba kiti, akapanda na kanzu yake nyeupe, akapapasa kila mahali, hasa pale katikati. Akashuka, akauangalia mkono wake. Mkavu.

"Samuel," akasema, "yale mabati yarudishwe dukani."

Vigelegele vilivyopigwa pale sitaweza kuvieleza. Hanifa alikaa chini sakafuni akafunika uso. Alamin akangoja tutulie, akakunjua mikono kufungua nyumba kwa dua. Na kwetu Munje, katika dua ya namna hii, aliyejenga hutajwa kwa jina la mamake.

"Ewe Mola, mjalie mja wako aliyetujengea nyumba hii, Hanifa binti..." Akakwama. Yule mwanamke aliondoka miaka mingi mno, nani angelikumbuka jina lake. Alamin akageuka. "Binti nani, jamani?"

Mimi ninalijua jina lile. Haki ni haki, nikafungua kinywa nilitaje.

"Binti Twaiba," akasema Esha kutoka nyuma, kwa ile sauti yake ya kunyamazisha majogoo. "Hukuusikia wimbo?"

Hanifa aliinua kichwa akanitazama, na hakumkosoa Esha. Alamin akaendelea, "Hanifa binti Twaiba," na ukumbi mzima ukaitikia amin, ikarudi kutoka kwenye kuta. Mimi nami niliitikia, lakini hata aliyekaa karibu yangu hakunisikia.